Baharini ni ugenini, papa ndiye mwenyeji

Timu ya Dar es Salaam ikipanda Njombe kucheza Uwanja wa Sabasaba, hubeba masweta. Inajua inakwenda ugenini, na baridi ya kule ni mchezaji wa 12.

Shabiki wa Njombe au Makambako anayeshuka na basi kuangalia dabi ya Kariakoo kwa Mkapa naye yuko ugenini, hasa kesho yake anapokwenda kuoga Coco Beach au Kigamboni. Wengi hawakukulia baharini. Wanachoogopa ni papa waliyemwona kwenye filamu. Hapo wanakaba mtu asiye na mpira.

Duniani kote, watu wanaong'atwa na papa bila kumchokoza ni kama 60 hadi 70 kwa mwaka, na wanaokufa kwa kawaida hawafiki 10. Waliokufa maji mwaka 2021, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ni 300,000. Adui namba moja ni maji yenyewe.

Hiyo haina maana papa adharauliwe. Usiogelee alfajiri, jua likizama wala usiku. Kaa mbali na midomo ya mito yenye maji ya tope, na mahali wavuvi wanaposafisha samaki. Mwenye kidonda kinachotoka damu akae benchi. Ogeleeni kwa kundi, karibu na ufukwe.

Na papa aheshimiwe, kwani anayefungwa mabao mengi ni yeye: binadamu huua papa wanaokadiriwa kufikia milioni 100 kila mwaka. Kule Mafia, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Wageni hulipa fedha kuogelea karibu naye, na sharti ni kutomgusa. Akiisha yeye, na riziki ya watu inakwenda.

Viongozi wa matawi ya Simba na Yanga Njombe na Makambako, wanaokusanya nauli za safari hizi, watenge dakika 10 za maelekezo kabla basi halijaondoka. Asiyejua kuogelea asipite maji ya kiunoni. Aliyekunywa pombe abaki mchangani. Watu wahesabiwe wakiingia majini na wakitoka.

Pointi tatu zinaweza kupotea Dar. Mtu asipotee.