Kura ya Jang'ombe si ya Ziada

Wako wasemao, tena mabarazani Jang'ombe, ya kwamba hapana haja ya kwenda kupiga kura, kwani kiti kimekwisha kuwa chetu. La hasha! Hatukubali.

Mwaka 1963 maneno hayo yangalikuwa na maana. Afro-Shirazi ilipata kura 54 katika kila 100, ikaambulia viti 13 tu kati ya 31, maana kura zake zilirundikana mahali pamoja, na kila jimbo likahesabiwa peke yake. Kura ya Rais wa Zanzibar haiendi hivyo. Ya Unguja na ya Pemba hutiwa kapu moja. (Marekani hata ya Rais huhesabiwa jimbo jimbo: mwaka 2000 Al Gore aliongoza nchi nzima, akaangushwa na kura 537 za Florida.)

Oktoba 1995 Dakta Salmin Amour alipata kura 165,271, na Bwana Seif Sharif Hamad 163,706. Tofauti 1,565! CUF waliyakataa matokeo, na ugomvi ukadumu miaka. Twakiri, ushindi mwembamba vile haukumpa raha hata mshindi. Na waliobaki barazani siku ile wakicheza bao, wakidhani Jang'ombe haina wasiwasi, ndio walioufanya mwembamba.