Si Kila Chekundu Marijani

Washairi wenzangu na waniwie radhi: si kila ushanga mwekundu ni marijani. Marijani ya fedhaluka huvuliwa Bahari ya Kati, wala haimei katika matumbawe yetu. Huko Ugalla nilionyeshwa shanga za urithi, na msafiri mwenzangu, mtu wa pwani, akazisifu kuwa marijani. La hasha! Zilikuwa samesame, kioo cha Venice kilichobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kuwa ziliitwa pia kifunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyozililia. Jina tamu kama hilo twalifukia kwa nini?

Tena kosa hili lina gharama. Bibi arusi huuziwa tumbawe lililotiwa rangi. Na mwenye fedhaluka ya kweli hushauriwa aisugue kwa ndimu, kana kwamba ni sufuria! Marijani ni jamii ya chokaa, ndimu huila. Jasho na manukato huifubaza. Ivaliwe baada ya kujifukiza na kujipaka mafuta, ikivuliwa ifutwe kwa kitambaa laini. Mnunuzi naye achukue kioo cha kukuzia: akiona viputo, hicho ni kioo, marijani ina michirizi myembamba.