UCHAMBUZI: Daktari ana wakili, mgonjwa wa Kyuso ana nani?

SHERIA haimkatazi mkazi wa Kyuso kumshtaki daktari papo hapo Kyuso. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 ianze kutekelezwa, hata hakimu mkazi, ambaye ndiye wa ngazi ya chini, ana mamlaka ya kusikiliza madai ya fidia ya hadi Sh5 milioni. Mamlaka hayo hupanda kwa cheo hadi kufikia Sh20 milioni kwa hakimu mkuu. Korti ipo, hospitali ya serikali ipo, na wagonjwa wanaotoka Tseikuru, Ngomeni na Mumoni kutafuta matibabu wapo.

Asiyepatikana kwa urahisi ni wakili.

Utetezi wa wataalamu wanaodaiwa kutepetea kazini umekuwa fani kamili katika taaluma ya uwakili, na ni mojawapo ya zile zinazodumu. Kijana huhitimu shahada ya sheria kwa miaka minne, akaenda Chuo cha Mafunzo ya Sheria Kenya, akatumikia miezi sita chini ya wakili mzoefu, kisha akaapishwa na Jaji Mkuu. Hapo huwa bado hajui lolote kuhusu dawa ya ganzi wala mpigo wa moyo wa mtoto aliye tumboni. Hayo hujifunza faili baada ya faili, akiwa ofisini kwa mkubwa wake, mpaka siku moja anaweza kumuuliza daktari bingwa maswali ya kitabibu bila kubabaika. Akidumu kwa miaka 15 na kujipatia sifa, anaweza kutunukiwa cheo cha Wakili Mwandamizi.

Swali la kujiuliza ni nani hulipia miaka hiyo yote ya kujifunza. Jibu ni kampuni za bima. Marekebisho ya sheria za afya ya mwaka 2019, ambayo pia yaliibadilisha Bodi ya Madaktari kuwa Baraza, yalisisitiza kwamba daktari awe na bima ya kumkinga dhidi ya madai ya kitaaluma. Mwenye bima akishtakiwa, kampuni humchagulia wakili na kumlipa, kesi ishinde au ishindwe. Mwaka ujao kampuni hiyo hiyo italeta faili nyingine. Hivyo ndivyo ujuzi unavyokusanyika upande mmoja, na hivyo ndivyo unavyokusanyika Nairobi, kwa kuwa mlipaji yuko huko.

Mtetezi huyo hufanya nini hasa? Wengi hudhani kazi yake ni kuapa kwamba mteja wake hakukosea. La hasha. Kipimo kinachofuatwa na mahakama zetu kilitoka Uingereza katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957: daktari hana hatia ya utepetevu ikiwa alitenda kama ambavyo kundi la madaktari wenye ujuzi na busara katika fani hiyo wangekubali kuwa ni sawa. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji wa huko waliongeza kwamba maoni ya kundi hilo sharti yawe na mantiki. Kwa hivyo mgonjwa kuumia, au hata kufariki, peke yake si ushahidi wa utepetevu. Katika meza za uhariri neno hilo huandikwa upesi mno kuliko linavyothibitishwa kortini, na mtetezi mzuri huishi katika pengo hilo.

Silaha yake ya kwanza ni kalenda. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, madai ya utepetevu yanapaswa kuwasilishwa kabla ya miaka mitatu kwisha. Hiyo ni kwa hospitali ya kibinafsi au ya misheni. Ikiwa anayeshtakiwa ni serikali, kuna sheria nyingine, Sura ya 39, ambayo hupunguza muda huo hadi miezi 12, na wakili wa hospitali ya umma hatakosa kuitaja. Tuseme mama amejifungulia katika hospitali ya umma, mtoto akapata madhara ya ubongo kwa kucheleweshwa. Mwaka wa kwanza wote atakuwa akihangaika na mtoto huyo kati ya Kyuso, Mwingi, Kitui na Kenyatta. Atakapopata nafasi ya kuuliza kilichotokea usiku ule, huenda mlango umeshafungwa. Sioni haki yoyote katika mpango unaompa aliyeumizwa na serikali theluthi moja ya muda anaopewa aliyeumizwa na tajiri.

Silaha ya pili ni faili ya matibabu. Chati ya uchungu wa uzazi, saa ambayo daktari aliitwa, jina la aliyekuwa zamu: yote yamo katika karatasi zinazohifadhiwa na yule yule anayelalamikiwa. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kuomba rekodi hizo na kujibiwa ndani ya siku 21. Lakini ombi hilo linahitaji mtu anayejua kwamba haki hiyo ipo, na anayejua kuliandika mapema kabla karatasi hazijapotea au kuliwa na mchwa. Wakili wa bima huipata faili kwanza na kuisoma akiwa na daktari kando yake. Mlalamishi akija kuiona, mara nyingi huwa ni baada ya kesi kuwasilishwa, nayo imeandikwa Kiingereza cha vifupisho ambacho hata wauguzi wenyewe hubishania. Ushahidi wake yeye atautoa kwa Kikamba, ukipita kwa mkalimani.

Hayo mawili yanaweza kuzibwa kwa bidii. La tatu ndilo huua kesi nyingi: shahidi mtaalamu. Ili kuvuka kipimo cha Bolam, mlalamishi anahitaji daktari atakayesimama kizimbani na kusema mwenzake alikosea. Kenya ina wataalamu wachache katika baadhi ya fani, nao wamesoma pamoja na huelekezeana wagonjwa. Daktari wa kumtetea mwenzake hupatikana. Wa kumkosoa hadharani hutafutwa kwa tochi, na akipatikana atataka malipo yake kabla ya kufunga safari.

Ndipo tunarudi kwenye pesa. Nchini Marekani, mlalamishi maskini hupata wakili kwa sababu wakili huyo hukubali kulipwa kutokana na fidia, kwa kawaida karibu theluthi moja, na kesi ikianguka halipwi. Mpango huo una aibu zake, na madaktari wa huko huulalamikia kila uchao. Hata hivyo umezaa kikosi cha mawakili wa wagonjwa wenye ujuzi sawa na wale wa bima. Hapa kwetu, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinabatilisha mkataba wowote unaosema wakili atalipwa tu iwapo kesi itafaulu. Nia ya kifungu hicho ilikuwa njema: kuzuia mawakili wasiwe wafanyabiashara wa kesi. Lakini familia ya Kyuso iliyo na mbuzi wachache na magunia ya ndengu, mvua ikinyesha, italipaje ada ya wakili, nauli za mashahidi na gharama ya mtaalamu, ilhali ikishindwa inaweza kuamriwa pia kulipa gharama za upande wa pili? Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hapa sheria imemnolea mmoja tu.

Afrika Kusini ilikabili tatizo hili mwaka 1997 kwa sheria inayoruhusu ada ya mafanikio yenye kikomo: wakili hawezi kutoza zaidi ya maradufu ya ada yake ya kawaida, wala kuvuka asilimia 25 ya fedha zilizopatikana. Sioni ni kwa nini Bunge letu haliwezi kuiga mfano huo kwa kesi za majeraha ya hospitalini pekee. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, ndiyo, na inagusa kesi za madai, lakini msaada wa serikali pekee hauwezi kuzaa mawakili waliobobea katika fani ngumu kama hii.

Wapo waliopita njia nyingine. Mnamo Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali mjini Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi waliopaswa kumhudumia. Tukio hilo lilirekodiwa kwa simu. Mawakili wake hawakuifanya kesi ya kawaida ya utepetevu bali waliwasilisha ombi la kikatiba kuhusu haki ya afya na utu, na mnamo Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni alimtunuku fidia ya Sh2.5 milioni na kuamuru aombwe radhi. Njia hiyo haifungwi moja kwa moja na miezi 12, ingawa majaji hukataa ucheleweshaji usio na maelezo. Ila tuseme kweli: kesi hiyo ilikuwa na video, na nyuma yake kulikuwa na shirika la kutetea haki. Utepetevu mwingi hautokei mbele ya simu.

Msomaji asielewe kwamba ninawalaumu mawakili watetezi. Kwa hakika, anayewahitaji zaidi huenda ni yule ambaye hawamfikii: afisa wa kliniki au muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya mashinani, asiye na damu katika jokofu wala ambulensi yenye mafuta. Mambo yakiharibika, malalamishi yanaweza kumfuata katika baraza lake la kitaaluma, kwa mwajiri na kortini, yote kwa pamoja. Wakili wa kaunti atakuja, lakini mteja wa wakili huyo ni kaunti. Ikiwa utetezi bora wa kaunti ni kusema mfanyakazi alikiuka utaratibu, na utetezi bora wa mfanyakazi ni kusema kaunti haikumpa vifaa, basi wawili hao hawawezi kutetewa kwa mdomo mmoja. Tuliona dalili zake mwaka 2018 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa asiyehusika alipofunguliwa fuvu. Daktari mwanafunzi wa upasuaji na wauguzi ndio waliosimamishwa kwanza. Wenzake waligoma wakisema kosa lilianza kabla mgonjwa hajafika kwenye meza ya upasuaji. Siku chache baadaye mkuu wa hospitali naye alitumwa kwenye likizo ya lazima. Mtetezi hodari ndiye huifuata nyuzi hiyo hadi mwanzo wake, na mara nyingi mwanzo huwa ni bajeti.

Mawakili nao hawana kinga. Mwaka 1969, katika kesi ya Champion Motor Spares dhidi ya Phadke, mahakama ilisema wakili hataadhibiwa kwa kukosea jambo lisilo wazi, bali atawajibika akikosa kujua mambo ya msingi yanayojitokeza kila siku katika kazi yake. Kuacha muda wa kuwasilisha kesi upite ni mojawapo ya mambo hayo ya msingi. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2004 ziliwataka mawakili nao wawe na bima, isiyopungua Sh1 milioni. Mgonjwa wa Kyuso aliyepotezewa miezi yake 12 na wakili mzembe anaweza kumshtaki wakili huyo. Atahitaji kwanza wakili mwingine.

Na je, akishinda? Kwa hospitali ya kibinafsi, bima hulipa. Kwa kaunti, kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali hakiruhusu mali ya umma inadiwe ili kulipa deni la hukumu. Mshindi huchukua cheti cha amri kutoka kwa korti, akampelekea afisa husika, akasubiri. Asipolipwa, hana budi kufungua shauri jipya Mahakama Kuu kuomba afisa huyo alazimishwe kulipa. Kwa mkazi wa Kyuso, hiyo ni safari ya Kitui, faili ya pili, na wakili wa kulipwa upya.