Michezo ya Video ya Zamani Kutoka Ng'ambo: Tupige Hesabu Kabla ya Kulipa

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, vibanda vya michezo ya video vimekuwa sehemu ya maisha ya vijana. Wengi hucheza michezo ya siku hizi. Lakini wamo pia wanaotamani mashine za zamani, zile zilizotengenezwa Japani na Marekani katika miaka ya 1980 na 1990, ambazo leo huuzwa kwa njia ya intaneti na watu binafsi wa nchi hizo. Bei inayotangazwa huonekana ndogo. Mnunuzi hulipa, husubiri kwa majuma mengi, na pengine hupokea kisanduku kisichoweza kufanya kazi hapa nchini, au hudaiwa nauli na ushuru unaozidi bei ya kitu chenyewe. Ndipo husikika malalamiko kwamba ametapeliwa.

Makala haya yanatetea hoja moja. Mashine hizi zinastahili kuingia katika shule zetu za sekondari, kwa kuwa ni vifaa bora vya kufundishia fizikia na hisabati. Lakini zina faida kwa yule tu anayepiga hesabu kabla ya kulipa, na hesabu zenyewe hazizidi zile za kidato cha tatu. Matapeli wapo, hilo halina ubishi. Hata hivyo hasara nyingi hutokana na hesabu ambayo mnunuzi hakuifanya.

Hatua Iliyorukwa

Wako watakaouliza: ya nini kutafuta mashine za kale, ilhali mwanafunzi ana simu yenye uwezo mkubwa kuliko mashine hizo mara nyingi? Jibu limo katika historia yetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na matangazo ya televisheni hayakuanza Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo kompyuta ndogo na mashine za michezo zilipoingia majumbani kwingineko duniani: Atari VCS ya Marekani mwaka 1977, na Famicom ya kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1983. Kwa hiyo kile ambacho kwa Mjapani ni ukumbusho wa utoto, kwa mwanafunzi wa Shinyanga ni hatua ya teknolojia iliyorukwa.

Na hatua hiyo ina thamani kubwa kwa mwenye kujifunza, kwa sababu inaeleweka. Prosesa ya Famicom ni ya ukoo wa 6502, prosesa iliyotolewa Marekani mwaka 1975 ikiwa na transista zipatazo 3,500. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 2,048. Mchezo mashuhuri wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 uliandikwa wote katika baiti 40,960, ambazo ni chache kuliko zinazotumiwa na picha moja ya simu. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kufuata kazi ya mashine kama hiyo tangu umeme unapoingia hadi picha inapotokea. Simu ya leo ina transista kwa mabilioni. Tukiifungua, hatutaona kitu cha kufuata.

Kwa wakazi wa ukanda wa dhahabu liko somo jingine la karibu zaidi. Michezo hiyo huhifadhiwa ndani ya katriji, yaani visanduku vya plastiki vinavyochomekwa katika mashine. Ukingo wa ubao wa katriji una vipande vya shaba vinavyopitisha umeme, na juu ya shaba hupakwa utando mwembamba mno wa dhahabu. Sababu ni ile ile iliyoifanya dhahabu ipendwe tangu kale: haishiki kutu. Katriji ya miaka arobaini hufanya kazi bado kwa kuwa utando huo umeilinda. Mtoto wa Geita aliyezoea kusikia dhahabu ikitajwa kwa bei yake tu, hapa huiona ikitajwa kwa tabia zake. Ataelewa pia kwa nini si vema kupuliza katriji kwa mdomo, kama wachezaji wengi wanavyofanya: unyevunyevu wa pumzi huharakisha kutu katika madini mengine yaliyo chini ya dhahabu na katika meno ya mashine. Pamba iliyoloweshwa spiriti safi hutosha.

Umeme na Picha

Tuje sasa kwenye hesabu. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme wa Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni wa volti 120. Wanafunzi wanajua kwamba nguvu inayotumiwa na kifaa chenye ukinzani usiobadilika hulingana na mraba wa volti. Gawa 230 kwa 100 upate 2.3, zidisha kwa yenyewe, upate 5.29. Maana yake, kifaa cha Japani kilichochomekwa ovyo katika soketi ya Shinyanga hupokea nguvu zaidi ya mara tano ya ile kiliyoundiwa. Kwa kifaa cha Marekani jibu ni takriban 3.7. Moshi utakaotoka hautakuwa kosa la muuzaji.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Famicom haitumii volti 100 ndani yake. Adapta yake hubadili umeme wa nyumbani kuwa volti 10 za mkondo mmoja, kama ule wa betri. Basi hakuna haja ya kununua transfoma nzito: yatosha kupata hapa hapa nchini adapta ya volti 230 yenye kutoa volti zile zile na amperi za kutosha, mradi ncha chanya na ncha hasi ziwe zimepangwa kama za adapta ya asili. Anayeacha adapta ya kigeni huko huko hupunguza na uzito wa mzigo.

Picha nayo ina masharti yake. Japani na Marekani zilifuata utaratibu wa NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 60 za nusu-mistari kwa sekunde. Tanzania ilifuata PAL, wenye mistari 625 na picha 50. Mchezo ulioandikwa kwa kipimo cha 60 ukiendeshwa katika mashine ya kipimo cha 50 bila kurekebishwa, huenda kwa mwendo wa tano kwa sita: muziki wa sekunde 60 huchukua sekunde 72. Isitoshe, Famicom za kwanza hutoa picha kwa mawimbi ya chaneli za Kijapani, kati ya megahezi 90 na 102. Mawimbi hayo hapa kwetu ni ya redio za FM, na televisheni zetu haziyapokei. Fundi stadi anaweza kuongeza tundu la AV katika mashine, lakini ni lazima mnunuzi ajue mapema kwamba kazi hiyo inamngoja. Na kwa michezo ya bunduki ya mwanga, televisheni bapa za leo hazifai kabisa, kwa kuwa bunduki hiyo hutegemea jinsi picha inavyochorwa mstari kwa mstari katika televisheni ya chogo. Wenye televisheni za chogo zilizo nzima wasiharakishe kuzitupa.

Nauli na Ushuru

Mizigo ya ndege haitozwi kwa uzito peke yake. Kampuni nyingi za usafirishaji hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000; jibu likizidi uzito wa mizani, hilo ndilo hutozwa. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 lina sentimita za ujazo 30,000, hivyo huhesabiwa kuwa kilo 6 hata kama mizani inasema kilo 2. Muuzaji aliyeweka mashine ndogo ndani ya boksi kubwa amemtwika mnunuzi kilo nne za hewa. Yafaa kumwomba atumie boksi dogo kabla hajafunga.

Ushuru nao haukokotolewi kwa bei ya kitu peke yake. Tuchukue mfano wa mzigo wa meli: bei shilingi 150,000, nauli 110,000, bima 10,000. Jumla ni 270,000. Tukikadiria ushuru wa forodha wa asilimia 25, ni shilingi 67,500, na jumla mpya ni 337,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo mpya, nayo ni 60,750. Kitu cha shilingi 150,000 sasa kimegharimu 398,250, kabla ya tozo nyingine na kabla ya kuondoka Dar es Salaam. Viwango halisi hutegemea aina ya bidhaa, na ni wajibu wa mnunuzi kuiuliza Mamlaka ya Mapato mapema. Anayemwomba muuzaji aandike bei ya uongo katika hati ya forodha anavunja sheria, na tena anajinyima haki: mzigo ukipotea, atalipwa kwa bei ile iliyoandikwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 hupita Shinyanga, lakini Geita haina reli. Kwa miaka mingi mizigo ya Geita iliyopitia Mwanza ilingoja kivuko cha Kigongo na Busisi, mpaka daraja la kilomita zipatazo 3 lilipofunguliwa mwaka 2025. Kila kituo cha njiani ni mahali ambapo mzigo waweza kupotea, na hapo anwani hupata umuhimu wake. Muuzaji wa ng'ambo huuliza jina la mtaa na namba ya nyumba. Sisi tumezoea sanduku la posta. Utaratibu wa anwani za makazi ulioenezwa nchini mwaka 2022 umetupa jibu. Tuutumie, na daima tuongeze namba ya simu.

Kwa mwalimu wa hisabati, hata namba ya kufuatilia kifurushi ni somo. Mpango wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa Bern mwaka 1874, ni herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi. Tuseme tarakimu nane za kwanza ni 12345678. Zidisha kila moja kwa zamu na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha jumlisha: jibu ni 204. Gawa kwa 11. Baki ni 6. Toa 6 katika 11, upate 5. Basi namba kamili itakuwa RR123456785JP kama imetoka Japani. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Namba isiyokubaliana na hesabu hii ama imenakiliwa vibaya ama ni ya kubuni. Mwanafunzi mwenye kalamu anaweza kulibaini hilo kwa dakika moja.

Kinachobaki Nyuma

Liko jambo zito kuliko fedha. Mashine iliyofika mbovu haitoweki. Bao zake zina risasi, na dhahabu yake chache inaweza kumshawishi kijana aliyekulia karibu na makarasha ajaribu kuitoa kwa zebaki, kwa tindikali au kwa moto. Ukanda huu tayari unabeba mzigo wa zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulifanywa kwa ajili ya hatari hiyo hiyo. Dhahabu iliyo katika katriji moja haiwezi kulipa hata nauli ya kwenda sokoni, bali moshi wake waweza kumdhuru kijana huyo na wadogo zake. Walimu walieleze jambo hili waziwazi.

Tufanyeje?

Haifai kuwakataza vijana, wala kuwaachia wapoteze fedha mmoja mmoja. Yatupasa kushirikiana. Klabu za sayansi za shule kadhaa za Shinyanga, Kahama na Geita zinaweza kuagiza pamoja, kwa mzigo mmoja wa meli, na kugawana nauli. Ziagize mashine bila adapta, zidai picha za ubao wa ndani ili kuepuka katriji za bandia, na zimhusishe fundi wa redio na televisheni wa mjini tangu mwanzo. Kabla ya kulipa, wanafunzi waandike ubaoni majibu ya maswali manne: volti ngapi, utaratibu gani wa picha, ujazo kiasi gani, na gharama yote ni shilingi ngapi hadi mlangoni.

Ikiwa jibu la swali la mwisho litaonyesha kwamba kitu hakistahili gharama yake, basi kisinunuliwe. Wanafunzi watakuwa wamejifunza bila kutumia hata senti moja, na fedha ya klabu itangoja agizo lililo bora zaidi.