Kazi na Maisha: Upepo wa Kamio si Mchezo



Kwenye njia itokayo Kasumbalesa kwenda Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, makamio hupita usiku na mchana. Kando yake, kama kando ya njia zote kubwa za nchi yetu, wako mafundi wa mipira. Alama yao ni mpira mkuukuu uliosimamishwa barabarani. Chombo chao cha thamani ni kompresa ndogo ya kuchukulika, ile mashine ikamatayo hewa, ikaishindilia ndani ya tangi, na kuipeleka mpirani kwa bomba. Wengi wanaoishika ni vijana, na wengine ni watoto ambao mahali pao saa ile ni darasani. Leo twataka kusema nao, na pia na wazazi wao na mashofere wanaowapa kazi.

Kwanza tufahamu jambo moja: mzigo wa kamio haubebwi na mpira, bali na upepo uliofungwa ndani yake. Mpira ni mfuko tu wa kuushika upepo huo. Basi upepo ukipungua, mpira hukunjwa kila unapozunguka, hupata moto, na nyuzi za chuma zilizomo katika mbavu zake huchoka na kukatika moja moja. Kwa nje hauonekani ubaya wowote. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa magurudumu pacha ya nyuma, maana ule mpira wa ndani husahauliwa, na mwenzake wa nje hubeba mzigo wa wawili.

Wanafunzi wetu na wachukue kalamu. Upepo hupimwa kwa bari, na bari 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Mipira mingi ya kamio hutaka bari 7 hata 9, tuseme 8. Kama mpira una kipenyo cha mita 1, na chuma chake, yaani janti, kina nusu mita, ubavu mmoja una sentimita mraba zipatazo 5900. Zidisheni kwa 8: ni zaidi ya kilo 47000, yaani tani 47 zinazosukuma ubavu mmoja tu! Nguvu hiyo ndiyo anayoichuchumalia kijana wetu ashikapo bomba.

Sasa tuseme juu ya mashine yenyewe. Anayenunua kompresa asitazame namba ya bari peke yake, bali atazame pia litri za hewa inazotoa kwa dakika. Mpira wenye nafasi ya litri 150, ukitiwa bari 8, hutaka hewa litri 1200. Mashine itoayo litri 30 kwa dakika itafanya kazi dakika 40, na zile ndogo za motokari hupata moto mapema, zikataka kupumzishwa. Makamio mengi yana umeme wa volti 24. Mashine ya volti 12 ikiunganishwa nao itaungua. Ile ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi wake huua bila kelele. Na kila jioni tangi lifunguliwe chini, maji yamwagike, la sivyo kutu italila, na tangi lililoliwa na kutu laweza kupasuka.

Lakini hatari kubwa zaidi i katika mpira. Haya ndiyo tunayowasihi kuyashika.

Upimeni upepo mpira ungali baridi, kabla ya safari. Mpira uliotembea umepata moto, na kipimo chake hupanda. Kuupunguza upepo wakati huo ni kujidanganya.

Mpira uliotembea bila upepo, au uliokuwa chini ya sehemu 80 kwa 100 ya kipimo chake, usijazwe papo hapo. Kwa bari 8, mpaka huo ni bari 6 na nusu hivi. Uondolewe, ufunguliwe, na mbavu zake zichunguzwe ndani na nje. Nyuzi zilizokwisha kukatika huweza kupasuka zote pamoja unapojazwa.

Janti zenye pete ya kufungia zataka uangalifu wa pekee. Pete iliyopindika, yenye kutu nyingi, au isiyokaa sawasawa, huruka kama risasi. Usiipige nyundo hata mara moja upepo ukiwa ndani. Utoe wote kwanza.

Gurudumu liwekwe ndani ya kizimba cha chuma wakati wa kulijaza. Bomba liwe refu, lenye koleo la kujishikilia kwenye valvu, na kipimo kiwe mkononi mwa fundi aliyesimama mbali. Asisimame mbele ya ubavu wa mpira, asiukalie wala asiuinamie. Na watazamaji waondoke.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya mpira wa upepo, alioutengenezea baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Kazi ya baba kwa mtoto, ni jambo jema. Lakini ulimwengu ukautaka sana utomvu wa mpira, na katika nchi yetu, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hata 1908, wazee wetu walisukumwa msituni kuutafuta kwa kiboko na bunduki. Wengi walikufa, wengine walikatwa mikono. Mpira umekwisha kutugharimu damu ya kutosha. Je, tuulipe tena kwa damu ya vijana wetu, kwa sababu ya haraka ya shofere na ubahili wa mwenye mashine?

Bwana mwenye kazi, kizimba cha chuma na bomba refu ni vitu vya fedha, na fedha hutafutwa. Macho na uhai wa mwanagenzi wako haviuzwi dukani, na amri ya tano inakuhusu wewe pia. Shofere, ukimwona fundi amesimama kando akingoja kipimo kipande, usimpigie honi: mwenda pole hajikwai. Nanyi wazazi, mtoto wa umri wa shule na arudi shule, kompresa itamngoja.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Huyo alimfundisha kazi Mtoto aliyekabidhiwa na Mungu, na akamlinda. Kila fundi mwenye mwanagenzi naye amekabidhiwa mtoto wa watu.