Nilivyomponza mpwa wangu na tabo yake

Wale mlioniuliza juu ya breki za Hiace vumilieni kidogo, zamu yenu inakuja. Leo nina la kwangu, tena la aibu, na nimeona nilitoe mwenyewe kabla dada yangu hajalitangaza kwenye vikao vya ukoo.

Nina mpwa wangu yuko Japani, kule Yokohama. Anafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, haya haya mnayoyaona yakishuka bandarini Dar es Salaam kila leo. Kazi yake kuosha, kupiga picha na kuyapeleka melini. Sasa kijana ukimweka katikati ya magari miaka miwili mitatu, unategemea nini? Akapata wazimu. Akanunua Mazda RX-7 ya mwaka 1993, lile umbo wanaloliita FD, jekundu, limelala chini kama chatu aliyeshiba.

Akanipigia simu usiku, furaha mpaka ya kulia. "Mjomba, gari tamu! Lakini nataka liwe tamu zaidi. Nianzie wapi?"

Na mimi, mzee wa gereji, nikajibu bila hata kukohoa. "Ng'oa bomba la moshi lote pamoja na masega yake, weka bomba nene moja kwa moja. Liache gari lipumue."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipomponza mtoto wa watu.

Mimi injini nilizokulia ni za pistoni. Hiyo ya RX-7 ni mnyama mwingine kabisa. Haina pistoni, haina valvu, haina konrodi. Ndani yake kuna vitu viwili vya pembe tatu, kama sambusa iliyovimba, vinaitwa rota. Kila rota inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba 8 lililonenepa. Pande zake tatu zinapokezana kazi: upande mmoja unavuta hewa na petroli, mwingine unabana na kuwasha, mwingine unatema moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Ndiyo maana inaimba mpaka mizunguko 8,000 kwa dakika bila kutetemeka.

Baba wa wazo hilo ni Mjerumani Felix Wankel, na kampuni ya NSU ndiyo iliyotangulia kuuza gari la namna hiyo mwaka 1964. Lakini walioling'ang'ania ni Mazda. Wakatoa Cosmo Sport mwaka 1967, na mwaka 1991 gari lao la mashindano, 787B, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Vijana wa vijiweni wanapenda sana kulitaja 787B wanapobishania tabo. Waambieni polepole kwamba gari lile lilikuwa na rota nne na halikuwa na tabo hata ya dawa.

Hii ya mpwa wangu ina rota mbili, cc 1308 kwa jumla. Yaani kwa kipimo cha karatasi inalingana na Starlet ya cc 1300 anayopelekea watoto shule jirani yako. Lakini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 255! Kwa nini? Kwa sababu ina tabo mbili. Ya kwanza inaamka mapema ukiwa bado taratibu, ya pili inaungana nayo ukifika kama mizunguko 4,500. Mwaka 1999 Mazda waliifikisha farasi 280, na hapo wakasimama, maana makampuni ya Japani yalikuwa na makubaliano ya kutopita 280, ambayo yalikuja kuvunjwa mwaka 2004.

Injini hii na tabo ni kama chai na mandazi. Haina valvu za kupunguza kasi ya moshi, hivyo tundu la moshi linafunguka ghafla na moshi unatoka mkali, wa moto sana, unalipiga panga la tabo kwa nguvu zote. Raha hiyo. Lakini moto huo huo ndio msumari wa jeneza.

Sikiliza sasa. Kwenye kila ncha ya sambusa pana sili, kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2 tu. Hicho ndicho kinachozuia upande mmoja usivuje kwenda mwingine. Kwenye injini ya pistoni, petroli ikilipuka kabla ya wakati wake utasikia ngo-ngo-ngo, utaondoa mguu na huenda ukapona. Hapa ngo moja tu inatosha. Sili inakatika, vipande vinakwaruza ukuta wa chumba, vinatoka na moshi, na njiani vinalikuta panga la tabo linazunguka kwa kasi ya ajabu. Ukisikia mafundi wanasema injini imenoki, basi hii imenoki na kuua jirani.

Turudi kwa mpwa wangu. Kiwandani tabo zile zilipangiwa upepo wa kilo 0.7, ambao ni kama pauni 10, theluthi moja hivi ya upepo wa tairi. Upepo huo unalindwa na kimlango kinachopunguza moshi unaokwenda kwenye tabo. Mafundi wanakiita westigeti. Kimlango cha FD ni kidogo, na kilipimwa kwa bomba la kiwandani lenye masega na vizuizi vyake. Ukishatoa vizuizi vyote, moshi unakimbia kuliko uwezo wa kimlango. Hata kikifunguka chote, upepo unaendelea kupanda wenyewe, bila mtu kugusa kitu.

Wiki tatu baada ya ushauri wangu wa busara, simu ikalia. "Mjomba, geji inafika 0.95, halafu gari linakata ghafla kama nimegonga ukuta."

Unajua lile ni nini? Ile ilikuwa kompyuta ya gari inakata petroli kwa makusudi kuokoa injini. Ilikuwa inapiga kelele "Nisaidieni!" Kijana akaenda kwenye gereji moja, wakamuuzia kidude cha kuidanganya kompyuta ili isijue upepo umepanda. Akaniuliza kama akifunge.

Ningeweza kusema "Ngoja niulize wanaojua." Maneno matatu tu. Sikuyasema. Nilisema, "Funga, gari linadeka tu hilo."

Siku ya nne, barabara ya kulipia, gia ya tatu, mguu chini. Pa! Gari likaanza kutetemeka kama linalo degedege, moshi nyuma, nguvu hakuna. Rota ya nyuma kwisha habari yake.

Walipofungua walikuta sili mbili vipande vipande, ukuta wa chumba umechanika kama umelimwa, na panga la tabo moja limemeguka meno. Bili ya kuifufua sitaitaja hapa. Nitasema hivi tu: kijana alikuwa ameweka fedha za bati na mbao za nyumba ya mama yake kule Korogwe, ambayo kuta zake zilikuwa zimekwisha simama. Fedha zile zilikwenda kwenye sambusa mbili.

Akaniomba nisimwambie mama yake. Nikakubali. Kosa la tatu hilo.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajifunza, safari hii kwa kuuliza na kusoma, siyo kwa kujifanya. Mpwa wangu naye alipata fundi mmoja mzee wa Kijapani ambaye injini za rota ndizo ugali wake. Mzee yule alimpa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaotaka muubebe leo, maana wengi wanaanza na tabo kubwa halafu wanamalizia na mengine. Inatakiwa kinyume chake.

Kwanza, pima afya ya injini. Kila rota ina pande tatu, kwa hiyo unataka namba tatu kwa kila rota, na zinatakiwa zikaribiane. Kipimo cha kawaida cha pistoni kinakuonyesha namba kubwa kuliko zote na kukuficha ile mbovu. Kinatakiwa kipimo chake maalumu. Ikishuka chini ya kilo 6, usinunue tabo. Nunua injini.

Pili, ubaridi. Rejeta kubwa, intakula ya uhakika, na mipira yote ya maji iwe mipya. Halafu usiiamini geji ya joto ya kiwandani, maana mshale wake unakaa katikati raha mstarehe mpaka mambo yameshaharibika. Weka geji ya kweli.

Tatu, petroli. Injini ina nozeli nne, mbili za cc 550 kwa dakika na mbili za cc 850. Kwa tabo kubwa zile za 850 hazitoshi, wengi wanaweka za 1600 na kuendelea, pamoja na pampu yenye nguvu. Upepo mwingi bila petroli ya kutosha ni kifo.

Nne, kompyuta inayopangika, siyo kidude cha kuidanganya ile ya zamani. Kudanganya kompyuta ni kama kumziba mdomo mlinzi wako usiku ili ulale vizuri.

Ndipo sasa unakuja kwenye tabo yenyewe. Mzee aliwashauri watoe zile mbili na kuweka moja kubwa, pamoja na westigeti kubwa inayojitegemea. Faida yake ni kwamba unaagana na ile mipira myembamba iliyojaa juu ya injini ya FD kama tambi kwenye sufuria, inayokauka kwa joto na kupasuka, ukabaki unatafuta ugonjwa wiki nzima. Hasara yake ni kwamba tabo kubwa inachelewa kuamka. Chini unakuwa na gari pole, halafu juu linakurukia ghafla. Anayetaka kwenda nalo sokoni aache zile mbili za kiwandani, zikiwa nzima ni tamu tu.

Mwisho ni kupanga, na hapa ndipo ufundi ulipo. Wanaanza na upepo mdogo, 0.7 ile ile ya zamani, gari likiwa kwenye rola. Kwenye moshi wanaweka kipimo cha mchanganyiko. Injini ya rota ikiwa na upepo inataka petroli nyingi, karibu sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli. Kuna plagi nne, mbili kwa kila rota, moja inawasha kwanza na mwenzake anafuata. Muda wa kuwasha unarudishwa nyuma kwa tahadhari, na plagi zinakuwa zile za baridi. Kila hatua wanasoma namba, wanazima, wanaacha ipoe, wanaongeza kidogo tena. Kwa mpwa wangu mzee alisimama kwenye kilo 1.0 akasema basi. Kijana akaomba 1.2. Mzee akazima taa za gereji akaenda kula.

Mpaka leo, kila anapojaza tanki anachanganya na oili kidogo ya pikipiki za two-stroke, maana sili zinapenda kulainishwa, ingawa injini yenyewe ina pampu yake ya kuzinyunyizia. Asubuhi hakanyagi mpaka oili ipate moto. Jioni haizimi ghafla, anaiacha ingurume kidogo tabo ipoe. Amekuwa kama mtu mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani, anajua saa za kila kitu.

Na dada yangu? Alijua. Mama hafichwi jambo, hasa mvua za masika zikianza na kuta za nyumba yake ziko wazi. Alinipigia simu mwenyewe, sauti ya chini, ile ya hatari. "Kaka, mtoto ameniambia yote. Hivi wewe ulikuwa unaijua hiyo injini?"

Nikasema, "Hapana, dada."

"Basi bati utalipa nusu."

Mwezi uliopita nilipeleka awamu ya kwanza kule Korogwe. Bado mbili.

Najua huku kwetu RX-7 ni za kuhesabu kwa vidole. Lakini Forester zenye tabo zimejaa, na kila siku naona kijana anatoa masega, anaweka bomba la kupiga kelele, na fundi pembeni anamwambia "liache lipumue". Kijana, muulize huyo fundi upepo umefika ngapi, na petroli inatosha? Akikosa jibu, chukua ufunguo wako uondoke. Na wewe fundi mwenzangu, usichokijua sema hukijui. Ni bure. Mimi kutosema kumenigharimu nusu ya paa.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, ni breki za Hiace. Hizo angalau nazijua.