Je, Kuvumilia Ugonjwa ni Ushujaa?



Huku kwetu Karatu na Ngorongoro tunawaheshimu watu wanaojikaza. Kijana wa Kimaasai akitahiriwa hatakiwi hata kupepesa jicho. Mzee akiumwa mgongo hasemi. Basi mtu akipata ugonjwa mkubwa, tunakwenda kumwona na kumwambia, "Wewe ni shujaa." Tunasema kwa nia njema. Lakini je, ni kweli?

Tufikiri kwanza shujaa ni nani. Morani anayesimama kati ya simba na ng'ombe ni shujaa. Angeweza kukimbia, lakini amesimama. Mgonjwa hakuchagua kuugua. Siku nyingine ana nguvu, siku nyingine anaogopa na kulia. Tukimwita shujaa kila siku, ataona haya kusema, "Leo nimezidiwa."

Hapo ndipo penye hatari. Tuchukue mfano wa kifua kikuu, yaani TB. Viini vyake viligunduliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, mwaka 1882. Ugonjwa huu huenea kwa njia ya hewa, hasa mgonjwa anapokohoa. Dalili zake ni kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, kutoka jasho jingi usiku, na kukonda. Wengine hukohoa damu. Mtu mwenye dalili hizi akinyamaza, sisi tunamsifu kwa uvumilivu. Kumbe mapafu yake yanaharibika, na watoto wanaolala naye wanaweza kuambukizwa. Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

TB inatibika. Dawa za kawaida humezwa kwa miezi 6, na katika vituo vya serikali hazilipiwi. Baada ya wiki chache mgonjwa hupata nafuu, na wengine huacha dawa. Hilo ni kosa. Viini vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, mkoa wa Kilimanjaro, hutibu wagonjwa wa namna hiyo.

Sasa fikiria miezi hiyo 6. Kutoka Endulen mpaka Karatu mjini ni safari ndefu. Nauli itatoka wapi? Mfugaji akienda kliniki, nani atachunga ng'ombe wake? Mkulima wa vitunguu kule Mang'ola akilala kitandani, nani atashika zamu yake ya maji shambani? Sifa hazijibu maswali haya. Jirani anaweza kuyajibu.

Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, usianze na sifa. Muulize, "Umelalaje? Dawa zimebaki ngapi? Nikusaidie nini leo?" Kisha kaa, umsikilize. Akitaka kulia, mwache alie. Akisema mwenyewe kwamba anajiona shujaa, mkubalie, maana yeye ndiye anayeujua mwili wake.

Tena tukumbuke jambo moja. Aliyekufa kwa ugonjwa hakuwa mwoga kuliko aliyepona. Pengine alichelewa kufika hospitali. Pengine ugonjwa wake haukuwa na dawa. Tusimhukumu.

Zungumzeni na wenzenu: Je, katika kitongoji chenu yuko mtu anayekohoa kwa muda mrefu? Nani atamsindikiza zahanati wiki hii?